Kuomba Chuo Kikuu cha Dodoma: fanya hivi usikwame

Tangu 2017 maombi ya shahada ya kwanza hayapitii tena TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Unaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa udahili wa chuo chenyewe, UDOM. TCU inatangaza dirisha la maombi, inatoa kitabu cha mwongozo na kuhakiki waliochaguliwa.

Anza na kitabu hicho, kipo bure kwenye tovuti ya TCU. Kwa aliyemaliza kidato cha sita, kozi nyingi zinataka angalau alama 4.0 kwenye masomo mawili yanayohitajika: E ni 1, D ni 2, C ni 3, B ni 4, A ni 5. D mbili basi zinakuruhusu kuomba, lakini nafasi inagombaniwa. Udaktari unataka walau D kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Mwenye stashahada atafute kwanza namba ya AVN, yaani namba ya uhakiki wa stashahada yake, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi.

Kisha fungua akaunti kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Hapa ndipo vijana wetu wengi wanapoumia, na inaniuma kuona. Kijana anatoka Kibaigwa, anaingia steshenari mjini, mhudumu anajaza namba yake mwenyewe ya simu ili foleni isogee. Baadaye kijana anachaguliwa vyuo viwili, namba maalumu ya kuthibitisha inatumwa kwa ujumbe mfupi, inaingia kwenye simu ya mhudumu aliyekwishamsahau. Msaidiwe, sawa, ila simu na barua pepe ziwe zako. Nywila iandike daftarini kabla hujanyanyuka kwenye kiti.

Lipa ada ya maombi kwa kumbukumbu namba utakayopewa na mfumo, panga kozi kuanzia unayoitaka zaidi, hakiki, tuma.

Mkopo ni ombi jingine kabisa, kwa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na cha kifo cha mzazi kwa aliyefiwa. Mzazi, linganisha majina ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne leo hii, herufi kwa herufi. Yakitofautiana, muone wakili kabla dirisha halijafunguliwa.

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, thibitisha kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Ukikosa awamu ya kwanza, awamu inayofuata ikifunguliwa angalia kozi zilizobaki na nafasi, uombe tena.