Ukiangalia muvi ya vita vya Zama za Kati, kagua safu kwanza

Watu wengi wakitaka kujua kama muvi ya vita vya zamani inasema kweli wanakimbilia nguo, eti kofia hii ya karne gani, upanga huu mbona mrefu hivyo. Nguo ziache kwanza. Angalia safu. Majeshi yakishagongana, je askari bado wamebanana bega kwa bega au baada ya sekunde chache tu kila mtu kashapata wa kwake, wanapigana wawili wawili uwanja mzima? Hapo ndo muvi nyingi zinadanganya na kwangu huo ni uongo mzito kuliko wote, maana uhai wa askari ulikuwa mikononi mwa mwenzake wa kushoto na wa kulia. Pale Hastings, Uingereza, mwaka 1066 Waingereza walisimama na ukuta wa ngao juu ya kilima karibu siku nzima, na baadhi yao waliotoka kwenye ukuta kuwafukuza Wanormani, wavamizi waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, walizungukwa wakauawa. Dairekta anavunja safu mapema kwa sababu anataka umuone stelingi, ndo maana pia stelingi anavua kofia ya chuma katikati ya mapigano, kitu ambacho mtu mwenye akili timamu asingefanya kabisa mishale ikiwa inaruka.

Kabla hujabonyeza play tafuta vitu vitatu: jina la vita, mwaka, na ardhi ilikuwaje. Ardhi usiidharau hata kidogo. Braveheart ya 1995 inaonyesha vita ya Stirling, Uskoti, ya mwaka 1297 kwenye uwanja mpana, daraja hakuna, wakati daraja ndo vita yenyewe! Lilikuwa jembamba, Waingereza wakawa wanavuka wachache wachache, Waskoti wakasubiri sehemu tu ya jeshi ivuke ndo wakawashukia, waliobaki ng'ambo wakabaki wanaangalia hawana la kufanya. Ukiondoa daraja inabidi ushindi uelezwe kwa ushujaa na hotuba, na yule mtu aliyepanga kusubiri unakuwa umemnyima akili yake.

Kwenye mishale sikiliza amri na angalia mikono. Wapiga mishale wamevuta pinde wanasubiri wee mpaka kamanda ashushe mkono, hiyo haiwezekani, upinde mrefu wa vita ulikuwa mgumu sana kuvuta, unavuta unaachia, ukishikilia mikono inatetemeka. Na mishale ya moto usiku uwanjani ni ya kupendezesha kamera tu, moto ulikuwa na maana zaidi wakati wa kuzingira mji wenye mapaa ya kuungua.

Deraya sasa, yaani mavazi ya chuma ya vitani. Ukiona upanga unakata bamba la chuma kifuani mtu anaanguka hapo hapo, jua wamedanganya. Deraya kamili ya karne ya 15 ilikuwa na kilo kama 20 hadi 25 zimegawanywa mwili mzima, mtu aliyezoea anaweza kukimbia na kupanda farasi mwenyewe, na ili kumuua ilibidi utafute upenyo wa kwapani, kwenye tundu za macho, au umponde kwa nyundo ya vita. The King ya 2019 hapo imejitahidi, vita ya Agincourt ya 1415, Waingereza na Wafaransa, wameionyesha watu wanagaragazana kwenye tope, na tope lilikuwepo kweli. Ila yule mwana wa mfalme wa Ufaransa anayeuawa pale hakuwepo vitani kabisa, alikufa kwa ugonjwa Desemba mwaka huo huo.

Farasi na rangi za nguo pita haraka. Ukitoka hapo kagua mwisho wa vita, nani anakufa na lini. Wengi waliuawa wakiwa wanakimbia, wamewapa maadui migongo, lakini muvi inamaliza pale kiongozi wa adui anapoanguka. Halafu mateka wako wapi? Mtu tajiri alikuwa na thamani zaidi akiwa hai kwa ajili ya fidia, yaani pesa ya kumkomboa, Charles wa Orléans, mtawala wa Kifaransa, alikamatwa Agincourt akakaa Uingereza miaka 25. Muvi isiyo na mateka hata mmoja imeficha nusu ya sababu zilizowapeleka wale watu vitani.

Kama unataka ya kufanyia mazoezi chukua Outlaw King ya 2018, nenda moja kwa moja vita ya mwisho, Loudoun Hill, 1307. Mahandaki ambayo Robert Bruce, mfalme wa Waskoti, aliyachimba ili kubana njia ya wapanda farasi ni ya kweli, mikuki ya kuwazuia ni ya kweli. Edward mtoto wa mfalme wa Uingereza kupambana na Bruce ana kwa ana ni ya kutunga, jeshi la Waingereza siku hiyo liliongozwa na Aymer de Valence. Iangalie mara mbili, ya kwanza fuata stelingi kama kawaida, ya pili msahau kabisa uangalie walio nyuma yake wanafanya nini.