Somo: Kutoka ndege za jeshi hadi shirika la ndege la ng'ambo, anza kabla hujavua gwanda

Wakuu, kuna ujumbe mmoja ninaoupokea mara kwa mara, majina tu ndiyo hubadilika: "Afande, nina saa elfu mbili za kuruka, natoka jeshini mwezi ujao, nianzie wapi?" Jibu langu halijawahi kumfurahisha mtu. Ulitakiwa uwe umeanza miaka miwili iliyopita. Mimi niliruka ndege za uchukuzi jeshini kabla ya kuhamia uraiani, na kuruka hakukunichelewesha hata siku moja. Kilichonichelewesha ni karatasi.

Kwanza tuelewe tatizo linatoka wapi. Mkataba wa Chicago wa 1944, unaoongoza usafiri wa anga duniani, unasema kwenye ibara ya 3 kwamba unahusu ndege za kiraia tu. Ndege za jeshi, forodha na polisi zimewekwa kando. Kwa hiyo yale mabawa uliyobandikwa kifuani, pamoja na jasho lake lote, si leseni. Ibara ya 32 inaongeza kwamba rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kutambuliwa na nchi ambayo ndege imesajiliwa. Isome tena hiyo. Kinachoangaliwa ni usajili wa ndege, wala si pasipoti yako.

Hatua ya 1: Saa zako

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uraiani saa huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kwa ajili ya kuruka hadi inaposimama kabisa mwisho wa safari. Vikosi vingi vya jeshi huhesabu tangu magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa. Ukisogea dakika kumi kwenda kwenye njia ya kurukia na nane ukirudi kuegesha, kila safari imekupunja dakika kumi na nane. Zidisha kwa miaka kumi uone. Baadhi ya mashirika ya Marekani hukubali rubani wa jeshi aongeze kiwango maalumu kwa kila safari, lakini hesabu hiyo inaishia kwenye fomu yao ya maombi. Usiende kuandika upya logibuku yako, yaani kitabu chako cha kumbukumbu za saa! Logibuku ibaki kama ilivyo, na juu yake uweke maelezo ya jinsi kikosi chako kilivyohesabu.

Kisha zichambue. Kiwango cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, cha leseni ya juu kabisa, ile ya kuongoza ndege kubwa za abiria, ni saa 1,500. Ndani yake wanataka saa 250 ukiwa kamanda wa ndege (zipo njia za kufidia sehemu yake kwa saa za ukamanda chini ya usimamizi), saa 200 za safari za masafa (kutoka mahali hadi mahali), saa 75 za kuruka kwa kufuata vyombo vya ndani ya ndege badala ya kutazama nje na saa 100 za usiku. Logibuku nyingi za jeshi zina safu ya "misheni" na safu ya "jumla", basi. Kaa chini uzitenganishe mstari kwa mstari, wakati bado unaweza kuingia kwenye ofisi ya operesheni ukaomba kitabu cha zamani.

Nikupe la kwangu. Niliomba cheti cha saa kutoka kikosini siku ya mwisho mwisho, karani akagonga muhuri ambao wino wake ulikuwa unakauka. Nilipofika nacho kwenye mamlaka ya anga ya nchi nyingine, ofisa alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akanirudishia. Nusu ya duara ya muhuri haikusomeka. Miezi minne ilipotea kwa ajili ya wino. Chukua nakala tatu halisi, kila ukurasa umegongwa na kusainiwa, na uhakikishe jina liko sawasawa na la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Hatua ya 2: Leseni ya kiraia ya nchi uliyotumikia

Usikimbilie leseni ya nje kabla ya ya nyumbani. Unafuu wanaopewa marubani wa jeshi kwa kawaida ni wa nchi kwa askari wake yenyewe. Marekani, rubani wa jeshi lao anaweza kupata leseni yenye mipaka, ya kukaa kiti cha msaidizi, kwa saa 750 badala ya 1,500. Wewe uliyetoka jeshi la nchi nyingine hesabu hiyo haikuhusu. Ulaya nayo, nchi mwanachama ndiyo inayotambua huduma ya kijeshi iliyofanyika kwake.

Ukitaka leseni ya Ulaya kwa njia ndefu, jiandae kwa mitihani 13 ya nadharia, kila mmoja alama 75 kwa 100, na yote iishe ndani ya miezi 18 tangu ulipofanya wa kwanza. Nilisoma sheria za anga na hali ya hewa nikiwa zamu ya usiku, helmeti mezani na kitabu juu ya helmeti. Muda huo uraiani hulipwi.

Hatua ya 3: Afya na Kiingereza

Fupi tu. Cheti cha afya daraja la kwanza hudumu miezi 12, na ukifika miaka 60 kinakuwa cha miezi sita. Kipate mapema, maana lililofumbiwa macho na daktari wa jeshi huenda lisifumbiwe na wa kiraia. Kiingereza cha redio kinapimwa kwa ngazi: ya 4 ndiyo ya chini inayokubalika na hurudiwa kila miaka mitatu, ya 6 hairudiwi. Lenga ya 6, au angalau ya 5.

Hatua ya 4: Kuomba kazi

Shirika likikutaka, mamlaka ya nchi yake itaiandikia mamlaka yako kuuliza kama leseni ni halali. Barua hiyo hukaa kwenye meza za watu. Mjue mtu anayeijibu, mpigie, mkumbushe kwa adabu. Baada ya hapo utapewa ama utambuzi, yaani leseni yako ya nyumbani inakubaliwa kwa muda, ama utabadilishiwa upewe ya kwao. Utambuzi haupiti uhai wa leseni ya asili: ikiisha ya nyumbani, na huo umekufa.

Anayekudai pesa ili akutafutie nafasi, muache. Na anayekupa mshahara wa ajabu ili "ufundishe" marubani wa nchi nyingine, muache mara mbili. Oktoba 2022 serikali ya Uingereza ilitoa onyo hadharani baada ya marubani wake wa zamani wa jeshi kurubuniwa wakafundishe jeshi la China. Siri za kazi hazistaafu pamoja nawe, hata kwenye wasifu. Andika aina ya ndege, saa na majukumu. Operesheni ziache.

Hatua ya 5: Usaili na simuleta

Kuna mtihani wa akili, mazoezi ya kikundi, mahojiano, kisha simuleta, yaani mashine ya kuigiza ndege. Wanajeshi wengi hawaangushwi na mikono yao. Wanaangushwa na mazoea.

Kwenye simuleta yangu ya kwanza, injini ya kushoto ilizimwa tu magurudumu yalipoacha ardhi. Nikakanyaga pedali ya kulia, nikainyoosha ndege, nikaongea na mnara, nikatafuta swichi ya mafuta kwa mkono wangu mwenyewe. Safi kabisa, nilijiambia. Mtahini aliyekaa kiti cha kulia alikuwa ameweka mikono magotini muda wote. Tuliposhuka akasema, "Umeruka vizuri, ila mimi umenigeuza abiria." Kazi ile sikuipata. Jeshini nilikuwa meja, msaidizi wangu luteni, na luteni husubiri amri.

Mashirika yana sababu ya kuogopa tabia hiyo. Kisiwani Tenerife, Hispania, tarehe 27 Machi 1977, ndege ya KLM ilianza kuruka wakati ya Pan Am ilikuwa bado kwenye njia ileile, kwenye ukungu. Mhandisi aliyekuwa ndani ya ndege ya KLM aliuliza kama wenzao hawajatoka njiani. Kapteni akamjibu kwa uhakika kwamba wametoka, wakaendelea. Watu 583 walikufa. Tangu hapo mafunzo ya kufanya kazi kama timu yamekuwa msingi wa taaluma hii. Kwa hiyo jizoeze kusema kwa sauti: nani anaruka, nani anafuatilia, nakuomba cheklisti, unaonaje?

Hatua ya 6: Ukishaajiriwa

Mafunzo ya aina ya ndege, kisha safari za abiria ukiwa na kapteni mwalimu, kisha mtihani wa njiani. Mashirika mengi hufuata foleni ya tarehe ya kuajiriwa, kwa hiyo wewe kanali uliyebebewa mkoba jana, leo unaweza kupangiwa kazi sikukuu zote chini ya kapteni wa miaka thelathini na moja. Zoea.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi ni wa ndege za kivita za kiti kimoja, saa 1,100. Nina nafasi kweli?

Unayo, ila njia ni ndefu kuliko ya sisi wa uchukuzi. Safari zako ni za saa moja moja, na nyingi zinaanza na kuishia uwanja uleule, kwa hiyo safu ya masafa itakuwa nyembamba. Utahitaji kozi ya kufanya kazi marubani wawili. Kama umebakiza muda jeshini, omba uhamisho kwenye kikosi cha uchukuzi, hata mwaka na nusu utasaidia. Kama haiwezekani, anzia shirika dogo la ndege za pangaboi. Ulaya, tangu Desemba 2019, kabla ya idhini yako ya kwanza ya ndege ya marubani wawili lazima upite kozi ya kujinasua ndege ikikaa vibaya angani, na ndani yake kuna saa 3 za kuruka. Hiyo utaifanya huku unapiga mluzi.

Saa za helikopta zinahesabika, afande?

Ni kundi jingine la chombo. Kila mamlaka huamua ikupe punguzo kiasi gani, na mashirika mengi huuliza saa za ndege za mabawa peke yake. Pata leseni ya rubani wa biashara kwa ndege za mabawa na idhini ya injini mbili kwanza, ndipo uanze kutuma maombi.

Nina miaka 47, nimechelewa?

Kikomo cha safari za kimataifa za biashara kwa marubani wawili ni miaka 65. Una takriban 18. Lakini fanya hesabu kama mwajiri: foleni ya ukapteni ni miaka mingapi? Chagua shirika linalopandisha haraka, hata kama jina lake halina mng'aro.

Logibuku yangu ya miaka mitatu iliungua. Naweza kukadiria?

Usithubutu. Rudi kikosini kwenye vitabu vya idhini ya kuruka na kumbukumbu za kiufundi za ndege, ujenge upya ukurasa kwa ukurasa, kamanda asaini. Zilizokosekana zihesabu zimepotea. Saa ya kubuni ikigundulika, leseni nzima inaweza kwenda nayo.

Mimi si rubani, mume wangu ndiye. Kapata ofa ya nje na anataka kujiuzulu wiki hii. Niangalie nini kwenye mkataba?

Shemeji, umeuliza vizuri kuliko wao wote. Angalia deni la mafunzo ni kiasi gani na kama linapungua kila mwezi anaofanya kazi. Angalia nani analipa akishindwa mafunzo. Uliza kama kuna bima ya kupoteza leseni kwa sababu ya ugonjwa. Uliza siku za mapumziko ni ngapi na tiketi za kurudi nyumbani ni za nani. Na barua ya kuacha jeshi aiweke kabatini mpaka mkataba uwe na saini mbili na tarehe ya kuanza kozi. Wengi wanaopewa ofa "kwa masharti" hawajajua kwamba sharti lenyewe ni ile barua inayolala kwenye meza ya mamlaka.