Namna ya kufuatilia mapigo ya moyo ukitoka Dar kupanda Kilimanjaro

Mwezi uliopita nilipanda na mdogo wangu kwa njia ya Marangu. Sisi ni watu wa Magomeni, hewa yetu ni ya pwani. Tulifanya hivi.

1. Anzia nyumbani. Wiki nzima kabla ya safari, ukiamka, kabla hujainuka kitandani, hesabu mapigo kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne: ukikosa pigo moja umekosa manne. Saa za kupima mapigo mimi siziamini kwa kazi hii. Andika daftarini. Mwenye ugonjwa wa moyo au selimundu aonane na daktari kwanza.

2. Jua moyo utafanya nini. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, iwe Kivukoni au kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, na pale Uhuru, mita 5,895, unabaki karibu nusu. Vihisio vya kwenye mishipa ya shingo vikiona damu imepungukiwa oksijeni, moyo huamriwa kwenda mbio hata ukiwa umelala. Mdogo wangu alikuwa na mapigo 62 kwa dakika Dar, kwenye kambi ya Horombo akaamka na 84. Hiyo si hatari. Mishipa ya mapafuni nayo hujibana, upande wa kulia wa moyo ukasukuma kwa nguvu zaidi.

3. Pima oksijeni kidoleni. Hapa ndipo tulipopoteza jioni nzima. Horombo, mita 3,720, kipimo cha kubana kidoleni kilisoma oksijeni ya mdogo wangu asilimia 68. Nilianza kufunga mabegi tushuke usiku ule ule. Lakini mtoto alikuwa anaongea vizuri, anakula, hahemi. Kumbe vidole vilikuwa baridi kama samaki wa barafu, na kucha zilikuwa na piko ya harusi ya binamu yetu. Mwanga wa kipimo haupiti vizuri kwenye rangi nyeusi, na damu isipofika kidoleni hakuna cha kusoma. Tukambebesha kikombe cha chai ya moto, tukasugua mikono, tukahamishia kipimo kidole kisicho na piko. Ikaja 86.

Kwa hiyo: futa rangi ya kucha; piko haifutiki, basi ipake baada ya safari. Keti dakika tano, pasha mkono, usiutikise, subiri namba itulie. Linganisha mapigo yanayoonyeshwa na uliyohesabu mwenyewe. Yakipishana sana, na ile ya oksijeni usiiamini. Na kwetu wenye ngozi nyeusi, vipimo hivi vinaweza kusoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo namba nzuri isikufanye upuuze mtu anayeumwa.

4. Kushuka. Anahema akiwa amekaa, anakohoa mfululizo, midomo imebadilika rangi, anayumba au anaongea ovyo: shukeni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na asishuke peke yake. Kipimo kiacheni mfukoni.