Ubuntu 24.04 kwenye kompyuta nyingi: pakua masasisho mara moja, yasambaze kwa flashi

Ukiwa na maabara ya shule yenye kompyuta kumi zinazotumia mfumo endeshi wa Ubuntu, na bando la simu moja, usiache kila mashine ijipakulie masasisho yake. Vifurushi (faili za programu zinazopakuliwa) karibu vyote ni vilevile, kwa hiyo ukivipakua mara ya pili unachoma bando bure.

Hatua ya 1: Anza na faili mpya ya usakinishaji. Ubuntu 24.04 ilitoka Aprili 2024, na Canonical, kampuni inayoitengeneza, huitoa upya mara kwa mara ikiwa na masasisho yaliyokwisha kutoka. Toleo la 24.04.3, kwa mfano, ni la Agosti 2025. Faili ina karibu GB 6 na inauma, lakini ile ya zamani itakudai zaidi mbele ya safari.

Hatua ya 2: Sakinisha bila intaneti. Kisakinishi kikifika kwenye ukurasa wa mtandao, chagua kutounganisha. Kikipata mtandao huweza hata kutaka kujisasisha chenyewe kwanza.

Hatua ya 3: Funga mabomba, yaani zuia mashine isijipakulie masasisho. Kabla ya kuunganisha chochote, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

`sudo snap set system refresh.metered=hold`

Kisha washa hotspoti, unganisha, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, bonyeza alama ya gia kando ya jina la mtandao na uwashe Metered Connection (mtandao wenye kikomo cha data). Masasisho ya kujiendesha yatatulia.

Hatua ya 4: Pakua kwenye mashine ya kwanza.

`sudo apt-get update`
`sudo apt-get dist-upgrade`

Usikimbilie kubonyeza Y. Soma mstari unaoanza na "Need to get": hapo ndipo utajua ni MB ngapi zitakazoshuka. Kama bando halitoshi, jibu n.

Nimeandika `apt-get` kwa makusudi. Amri fupi ya `apt` hufuta vifurushi ikishamaliza kuvisakinisha, lakini `apt-get` huviacha ndani ya `/var/cache/apt/archives`, na hivyo ndivyo tunavyovitaka.

Ukiambiwa "Could not get lock", mfumo unasasisha kitu chinichini. Subiri. Tafadhali usifute faili ya lock (kufuli linalozuia kazi mbili za usakinishaji zisigongane) kama wengi wanavyoshauri, maana unaweza kuacha vifurushi vimesakinishwa nusunusu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, washa mashine na uandike `sudo dpkg --configure -a` kabla ya kuendelea.

Hatua ya 5: Hamisha. Nakili faili zote za `.deb` (ndivyo vile vifurushi) kutoka kwenye folda ya `/var/cache/apt/archives` hadi kwenye flashi. Kwenye mashine ya pili, ukishaifanyia hatua ya 2 na ya 3, fungua terminali ndani ya flashi:

`sudo cp *.deb /var/cache/apt/archives/`

Rudia amri mbili za hatua ya 4. Ile ya kwanza bado inahitaji intaneti kidogo ili kupata orodha ya vifurushi. Ya pili ikikuonyesha "Need to get 0 B/" kisha idadi ya MB, umefaulu: kila kitu kimo tayari ndani ya diski. Ukiona MB chache badala ya sifuri, huenda mashine hiyo ina vifaa tofauti, au kuna sasisho lililotoka katikati.

Ukikuta vifurushi vimeandikwa "deferred due to phasing", viache. Ubuntu hutoa baadhi ya masasisho kwa awamu, na mashine mbili zinaweza kutofautiana siku hiyohiyo. Vitakuja.

Hatua ya 6: Firefox. Hii ni snap (aina nyingine ya kifurushi cha Ubuntu), `apt-get` haiigusi, na peke yake inazidi MB 200. Kwenye mashine ya kwanza andika `snap download firefox`. Utapata faili mbili. Zipeleke kwa flashi, funga Firefox kwenye kila mashine, kisha:

`sudo snap ack firefox_*.assert`
`sudo snap install firefox_*.snap`

Mwisho angalia kama ipo faili `/var/run/reboot-required`. Ikiwepo, washa mashine upya kabla ya kumkabidhi mwalimu.