Kukusanya, Kurejeleza na Kutupa Mabaki ya Dhoruba: Mwongozo kwa Serikali za Mitaa

Dhoruba moja kubwa inaweza kuacha taka nyingi kuliko zile ambazo dampo la mji hupokea kwa miaka kadhaa, na sehemu kubwa hutolewa nje ya nyumba ndani ya siku chache. Kwa hiyo maamuzi makubwa yafanywe msimu wa utulivu: viwanja vya muda vya kukusanyia vichaguliwe na kuombewa vibali, mikataba ya wakandarasi isainiwe ikionyesha bei ya kila aina ya taka, na ijulikane mapema ni nani atanunua chuma chakavu na nani atapokea zege. Halmashauri inayoanza kutafuta mkandarasi miti ikiwa imeshaziba barabara hulipa bei yoyote itakayotajiwa.

Kiwanja kiwe tambarare, kisichofurika, mbali na visima na makazi, chenye mlango wa kuingilia na mwingine wa kutokea. Kabla ya tipa la kwanza kumwaga mzigo, zipigwe picha na zichukuliwe sampuli za udongo, kwani mwenye ardhi akidai baadaye kuwa eneo lake limechafuliwa, hakutakuwa na ushahidi mwingine wa hali ya awali.

Kinachoamua kama urejelezaji utawezekana ni utenganishaji, na mahali pake ni mbele ya nyumba ya mwananchi, si kiwanjani. Kila kaya itangaziwe kwa redio, ujumbe wa simu na vipaza sauti kwamba matawi na magogo yawekwe rundo lake, kifusi cha ujenzi lake, friji na majiko lake, vifaa vya kielektroniki lake, na kwamba rangi, dawa za wadudu, mitungi ya gesi na betri visichanganywe na chochote. Marundo yasizibe mitaro wala yasiegemezwe kwenye nguzo za umeme au mita za maji, maana kijiko cha mtambo hakichagui kinachong'oa. Rundo la matawi lililotupiwa godoro na makopo ya rangi haliwezi tena kusagwa. Litapelekwa dampo lote, na halmashauri italipia usafiri na nafasi ya kitu ambacho kingekuwa mboji. Ni vyema msimamizi wa gari apewe mamlaka ya kuliacha rundo la namna hiyo na kubandika notisi. Wananchi watalalamika, lakini kuchambua mchanganyiko huo baadaye ni ghali zaidi kuliko malalamiko.

Mabaki ya miti mara nyingi ndiyo mengi zaidi. Magogo yaliyonyooka yatengwe kwa ajili ya mbao, na matawi yasagwe, hatua inayopunguza ujazo hadi takriban robo. Vipande vinavyopatikana hufunika udongo wa mashamba na bustani, huoza kuwa mboji, au hutumika kama nishati viwandani. Hata hivyo, rundo la vipande vibichi hujipasha joto kutoka ndani na linaweza kushika moto lenyewe. Lisizidi mita 4 kwenda juu, ligeuzwe mara kwa mara, na gari la zimamoto liachiwe njia kati ya rundo na rundo. Miti yenye wadudu waharibifu isihamishwe nje ya eneo lake ikiwa magogo mazima. Mbao zilizotiwa dawa yenye sumu ya arseniki zisisagwe kwa ajili ya mboji wala zisichomwe, kwa sababu arseniki hubaki ndani ya majivu.

Zege na matofali husagwa yakawa kokoto ya msingi wa barabara, huku nondo na mabati yakienda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Jipsamu za dari zikifukiwa zikiwa zimelowa hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi, yenye harufu ya mayai yaliyooza na yenye sumu. Vigae na mabomba ya asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, vilowanishwe, visivunjwe, na vifungwe kwenye plastiki nzito na wafanyakazi waliofunzwa, kisha vipelekwe dampo lenye kibali cha kuvipokea.

Friji iliyojaa chakula kilichooza isifunguliwe barabarani. Mlango ufungwe kwa utepe mpana na ibebwe ikiwa imesimama hadi kiwanjani, ambako fundi atavuta gesi ya kupozea kabla ya chuma kukatwa. Ilindwe tangu siku inapotolewa nje, kwani wanaotafuta shaba hukata mabomba na gesi yote ikatoroka. Betri za lithiamu zilizoingiwa na maji ya chumvi zitengwe mahali pa wazi, kwa kuwa zinaweza kuwaka siku nyingi baadaye.

Malipo yafuate stakabadhi ya kila mzigo, yenye namba ya gari, mahali ulikotoka na aina ya taka. Penye mizani, uzito utumike kwa kifusi. Pasipo na mizani, sanduku la kila tipa lipimwe kabla ya kazi kuanza, na mkaguzi wa halmashauri asimame juu ya jukwaa akitazama ndani yake, kwa sababu matawi yaliyopangwa ovyo hulifanya gari lililojaa nusu lionekane limefurika.

Kazi ya kiwanjani ikishamalizika, sampuli za udongo zichukuliwe tena palepale zilipochukuliwa mwanzo na zilinganishwe na zile za awali, na udongo uliochafuka uondolewe kabla ya ardhi kukabidhiwa kwa mwenyewe kwa maandishi.