Namna ya Kuanzisha Milinganyo ya Kipeo cha Pili kwa Kamba ya Mita 20

Mwanafunzi wa kidato cha pili mara nyingi huoneshwa kanuni ndefu ya milinganyo ya kipeo cha pili, yaani ile yenye x², kabla hajalijua swali ambalo kanuni hiyo ilitungwa kulijibu. Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha mkoani Lindi: niliiandika kanuni ubaoni, darasa zima likainakili kwa mwandiko mzuri, na wiki mbili baadaye hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kunieleza herufi a, b na c zilisimama badala ya nini. Tangu hapo somo hili naliendesha kwanza uwanjani, kwa kamba.

Tafuta kamba ya katani au ya nailoni, ipime mita 20 pamoja na ziada ndogo ya kufungia, kisha uunge ncha zake ili iwe duara moja lisilo na mwisho. Weka alama kila baada ya mita moja kwa kufunga uzi wa rangi au kipande cha kitambaa. Usipige mafundo kwenye kamba yenyewe, kwa sababu kila fundo hula sentimita kadhaa na hesabu zote zitakuwa za uongo. Wasimamishe wanafunzi wanne kwenye pembe, waivute kamba iwe mstatili, na uwaambie kwamba huo ni mpaka wa uwanja wa kuanikia korosho. Kwa watoto wa Tandahimba, Newala au Ruangwa hakuna haja ya kueleza zaidi. Upande mmoja ukiwa mita 1, wa pili utakuwa mita 9, na eneo ni mita za mraba 9. Wasogee: 2 kwa 8 ni 16, 3 kwa 7 ni 21, 4 kwa 6 ni 24, 5 kwa 5 ni 25. Mwandishi wa kila kundi ayaandike haya kwenye jedwali. Wengi hushangaa kwamba kamba ileile inazungushia maeneo tofauti, na mshangao huo usiupitie haraka.

Mkirudi darasani, uliza swali kwa kinyume: nataka uwanja wenye mita za mraba 21, upande mmoja uwe na urefu gani? Hapa ndipo herufi x inapoingia, nawe uende polepole, kwani kugumu si kuutatua mlinganyo bali kuuandika. Upande mmoja tumeuita x. Wa pili ni 10 − x, kwa sababu pande mbili zinazokutana kwenye pembe ni nusu ya kamba. Asiyeelewa sentensi hiyo mrudishe kwenye jedwali aone kwamba 1 na 9, 2 na 8, 3 na 7 zote zinajumlishwa kuwa 10. Mwache aieleze kwa Kiswahili kwanza, maana maneno eneo, mzingo na mstatili anayajua tangu shule ya msingi. Majina ya Kiingereza atakayoyakuta kwenye mtihani yaandikwe ubaoni baada ya wazo kukaa.

Tunapata x(10 − x) = 21, na tukiupanga tunapata x² − 10x + 21 = 0. Wanafunzi wataona kwamba 3 inakubali na 7 pia inakubali. Atakayelalamika kwamba huo ni uwanja mmoja uliogeuzwa tu amesema kweli, lakini mlinganyo uliuliza urefu wa upande mmoja, na upande huo unaweza kuwa mfupi au mrefu. Ukiwauliza sasa ni namba zipi mbili ambazo jumla yake ni 10 na zao lake ni 21, watakuwa wameanza kutafuta vigawo bila kuogopeshwa na jina hilo: (x − 3)(x − 7) = 0.

Sababu ya kuweka sifuri upande wa kulia haielezwi vya kutosha. Zao la namba mbili likiwa sifuri, lazima mojawapo iwe sifuri. Hakuna namba nyingine yenye tabia hiyo. Waandikie (x − 2)(x − 5) = 4 na usubiri. Baadhi wataandika x − 2 = 4, wapate 6, na kwa bahati mbaya 6 ni jibu sahihi! Kisha wataandika x − 5 = 4, wapate 9, nao wakiirudisha 9 kwenye mlinganyo watapata 28. Jibu la pili ni 1, na halionekani mpaka mabano yafunguliwe na kila kitu kihamishiwe upande mmoja. Mfano huu mmoja hunisaidia kuliko maonyo kumi.

Kipindi kinachofuata, omba mita za mraba 22. Jedwali linaruka kutoka 21 hadi 24, na vigawo vya namba kamili havipo. Waulize kila jozi kwenye jedwali ina umbali gani kutoka 5: 4 na 6 zimeachana nayo kwa 1, 3 na 7 kwa 2, 2 na 8 kwa 3. Kwa hiyo, tukiuita umbali huo d, pande hizo ni 5 − d na 5 + d, na zao lake ni 25 − d². Tukitaka 22, basi d² = 3, na d ni kipeuo cha pili cha 3, takriban 1.73, pande ni takriban mita 3.27 na 6.73. Rudini uwanjani mkapime. Njia hii ni ya kale mno: waandishi wa Babeli, katika Iraki ya leo, waliitumia kwenye mabamba ya udongo zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, bila herufi yoyote ya aljebra.

Omba 25, na d inakuwa sifuri: jibu ni moja, nao uwanja ni mraba. Omba 26, na d² inakuwa −1. Hakuna namba waijuayo ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa −1, wala wale wanne wenye kamba hawataupata uwanja huo hata wakisogea mpaka jioni. Majibu mawili, jibu moja, kukosekana kwa jibu, yote wameyashika mikononi. Ile kanuni ndefu ni kazi hiihii iliyofanywa kwa a, b na c badala ya namba, na mimi huitoa wiki ya pili.

Zoezi la nyumbani liwe la shamba. Mikorosho 168 imepandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, na idadi ya miti katika kila mstari inazidi idadi ya mistari kwa 2. Mistari ni mingapi? Mlinganyo ni n(n + 2) = 168, na majibu yake ni 12 na −14. Mwanafunzi aliyeifuta −14 kabla ya kuiandika asipewe alama zote. Aiandike, aihakiki kwamba −14 mara −12 ni 168, kisha aseme kwa sentensi kamili kwa nini shamba linaikataa ilhali mlinganyo umeikubali.