Kupata rehema kamili katika sala za kila siku

Katika Kanisa Katoliki, rehema (indulgensia) haiondoi dhambi. Hiyo ni kazi ya Kitubio, yaani sakramenti ya ungamo. Rehema huondoa adhabu ya muda inayobaki baada ya dhambi kusamehewa: iliyo kamili huiondoa yote, isiyo kamili sehemu tu.

Anza asubuhi kwa kuweka nia ya kupata rehema. Kisha chagua tendo moja: kuabudu Ekaristi nusu saa, kusoma Maandiko Matakatifu nusu saa, Njia ya Msalaba, au Rozari kanisani ama pamoja na familia. Rozari iwe makumi matano (Salamu Maria kumi mara tano) mfululizo, ukitafakari mafumbo. Ukikatiza katikati haihesabiki kwa rehema kamili.

Pokea Komunyo, ikiwezekana siku ileile, na usali kwa nia za Baba Mtakatifu: Baba Yetu moja na Salamu Maria moja zatosha. Ungamo moja, ndani ya siku kama 20 kabla au baada, linatosha kwa rehema nyingi, lakini Komunyo na sala hurudiwa kwa kila rehema, tena rehema kamili ni moja tu kwa siku.

Wengi hukwama penye sharti gumu zaidi: kutoshikamana na dhambi yoyote, hata ndogo. Hapo rehema hubaki isiyo kamili, nayo si haba. Rehema uliyoipata unaweza kumtolea marehemu, si mtu mwingine aliye hai.